Mara Moja Katika Thelathini

Sikumchukia Karwirwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila ninayemsimulia habari hii hunikazia macho na kuniuliza alinikosea nini. Hakunikosea lolote. Alinipa chai mara mbili, na siku ya kwanza nilipofika kwao alitoka mwenyewe kunipokea barabarani, akabeba mkoba wangu wa betri hadi nyumbani, tukipita katikati ya viazi. Kama kuna watu niliowachukia siku hizo ni wateja wangu, na yeye hakuwa mteja.

Mimi ni Gichovi, Mwembu wa Runyenjes, mpiga video wa harusi. Mwaka wa 2008 studio yangu ilikuwa chumba kimoja cha kupanga pale Majengo, mjini Meru, ukuta mmoja na bucha. Jumamosi napiga harusi, wiki nzima nakata na kuunga, Ijumaa mteja anakuja kuchukua kazi yake na kulalamika. Malalamiko yenyewe yalikuwa yale yale. Shangazi hajaonekana akila. Mjomba ameonekana akila lakini hakuonekana akisalimia. Keki imepita haraka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, Gichovi, hapa umepiga vizuri. Walichotaka ni saa nne za watu wakitafuna wali, na mimi nilijiona fundi mkubwa kuliko wali.

Mwaka huo rafiki yangu mmoja wa Nairobi alinipa programu ya kutengenezea DVD pamoja na kitabu chake cha maelezo, kimetolewa fotokopi mpaka picha zimekuwa madoa meusi. Nilikisoma chote. Humo nikagundua jambo ambalo naamini mpiga video mwingine yeyote wa mji ule hakuwa analijua. Watu walidhani diski ni kanda ya zamani iliyobadilishwa umbo, unaiweka, inaanza mwanzo, inaisha mwisho. Kumbe unaweza kumuuliza mtazamaji swali, naye akajibu kwa rimoti, na diski ikaenda anakotaka. Zaidi ya hapo, ile mashine ya kuchezea inaweza kupiga kura yenyewe. Unaiambia, nipe namba yoyote kati ya moja na thelathini, nayo inakupa, na hata wewe uliyeitengeneza hujui itatoa gani. Niliusoma ukurasa huo mara tatu, na nikaanza kutafuta harusi ya kuufanyia kazi.

Harusi ikaja yenyewe, ya Kaari, binti wa mwisho wa mama mmoja mjane wa Kiirua. Bwana harusi aliitwa Koome, kijana wa ofisi kule Embu, maneno mengi, viatu vya kung'aa. Siku ya posa walifanya ule mchezo unaofanywa siku hizi kila nyumba: wasichana watano wanafunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wanapangwa mstari, na bwana harusi anaambiwa amtoe bibi yake. Akikosea anatozwa faini, na watu wanacheka. Wasichana walipatikana wanne, Kaari mwenyewe akiwemo. Wa tano hakupatikana, na mama akamvuta Karwirwa, dada mkubwa wa Kaari, kutoka jikoni.

Karwirwa alikuwa na miaka thelathini na saba, hajaolewa, na pale Kiirua kila mtu alijua miaka hiyo ni mingapi bila kumuuliza. Alikuwa na mashine ya kufumia sweta za shule kwenye kibanda kando ya barabara, na kwa sweta hizo Kaari alisoma mpaka chuo. Kimo chao kilikuwa kimoja. Ili kumchanganya Koome zaidi, Kaari alimvalisha dada yake viatu vyake vyeupe.

Koome akaangalia miguu, kama wanavyofanya wote, akaenda moja kwa moja kwenye viatu vyeupe na kuinua leso. Alipoona ni nani, akarudi nyuma hatua mbili, akawageukia wazee waliokaa na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mahema ya nje: "Huyu hata mkiniongezea na ng'ombe juu, nitarudisha wote wawili."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa shughuli akaangusha karatasi zake. Karwirwa naye alicheka. Mimi nilikuwa nimemkaribia na kamera, uso wake umejaa kwenye kioo cha kamera, na baadaye mezani nilihesabu: kati ya maneno ya Koome na kicheko cha Karwirwa kuna fremu hamsini. Ni sekunde mbili. Katika sekunde hizo uso wake haufanyi kitu chochote. Nimepiga picha tangu nikiwa na miaka ishirini, na sijawahi kupata kipande kizuri kama kile.

Nikaitengeneza diski. Ukiiweka, unaona wasichana watano waliofunikwa, na sauti yangu inakuambia: bwana harusi ni wewe, chagua. Unasogeza alama ya njano kwa mishale ya rimoti, unabonyeza, na mashine inapiga kura nani yuko chini ya leso uliyoichagua, kwa hiyo hakuna wa kukariri. Ukimpata Kaari, vigelegele vinapigwa na unaingia kanisani. Ukikosa, unaonyeshwa uliyemfunua, na unarudishwa kwenye leso tano ujaribu tena. Wasichana wengine watatu Koome hakuwahi kuwafunua, ikabidi niwaite siku nyingine, niwafunike upya na kuwafunua mwenyewe. Mkono unaouona pale si wa Koome, ni wangu, ndani ya koti la kuazima. Ukimwacha Kaari mwenyewe, kipande cha kweli kilikuwa cha Karwirwa tu.

Nilipopeleka diski Kiirua mama alifurahi kupita kiasi. Akaita majirani, na majirani wakaita watoto wao. Mchana mmoja tu Karwirwa alifunuliwa mara nane na kukataliwa mara nane, yeye mwenyewe akipita na sinia ya vikombe.

Jumanne alikuja studio. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba juu ya magoti, akaanza kwa kusifu ukuta nilioupaka rangi. Kisha akaniambia habari yake. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kianjai, jina lake Mutembei, aliyefiwa na mkewe miaka minne nyuma. Alikuwa anamletea oda za sweta za shule yake, na kutoka kwenye sweta wakaanza kuongea mambo mengine kwa simu, miezi minane sasa. Mwezi wa Disemba mwalimu angekuja Kiirua na mjomba wake kujitambulisha. Na mimi najua, akasema, mgeni akifika kwetu haachwi aangalie ukuta chai ikichemka. Atapewa albamu, kisha atawekewa video.

"Sijakasirika, Gichovi," alisema. "Koome ni mtoto, alikuwa anachekesha watu. Lakini huyu ndiye mtu wa kwanza amesema atakuja nyumbani. Nataka anione mimi kwanza, kabla aone hiyo kitu."

Nilimwambia ni jambo rahisi. Lilikuwa rahisi kweli: kubonyeza mara moja na kufuta. Nikamwambia aje Alhamisi tupige kipande kingine cha kuweka mahali pa kile. Alhamisi akaja amesukwa nywele, na blauzi ya rangi ya damu ya mzee ambayo nadhani ilikuwa mpya. Nilimfunika leso, nikavaa lile koti, nikamfunua. Mara ya kwanza alifumba macho. Mara ya pili akacheka mapema. Mara ya tatu aliangalia kamera taratibu, akatabasamu kwa mdomo uliofungwa, na kwa kweli alipendeza. Nilimwonyesha kwenye kioo. Akasema kumbe anaweza kukaa hivi, akaomba aone tena.

Siku iliyofuata, asubuhi, niliweka kipande kipya, nikaicheza diski yote kutoka mwanzo, na nikaudhika. Ilikuwa ya uongo mtupu. Wasichana wanatabasamu, mkono wangu unafunua, wanatabasamu tena. Kitu pekee kilichokuwa na damu ndani ya kazi ile ndicho nilichokuwa nimekiondoa, tena kwa ajili ya mtu ambaye hakunilipa wala kuniagiza. Nilikaa na hasira hiyo hadi saa nne. Halafu nikafungua programu na kuandika amri moja zaidi. Kila mtu anapobonyeza, kabla ya jambo jingine lolote, mashine itoe namba kati ya moja na thelathini. Ikitoka kumi na saba, icheze kipande cha zamani. Isipotoka, mambo yaendelee kama kawaida.

Mara moja katika thelathini. Nilijiambia hiyo ni sawa na kutokuwepo. Na siku ikitokea, nilijiambia, atakayekuwa amefanya si Gichovi, ni mashine. Ningeweza kukueleza nilikuwa najaribu ufundi, nilikuwa kijana, nilikuwa nimechoka. Ukweli ni kwamba sikutaka kukipoteza kipande changu, na sikutaka kumwambia mwanamke yule hapana akiwa ameketi mbele yangu na nywele mpya.

Nikatoa nakala mbili, moja ya Kiirua na moja ya Kaari kule Embu, na ile ya kwanza nikaivunja mbele ya Karwirwa ili aamini. Nikamwambia imeisha. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni watu. Ile diski ya kwanza wangeizoea. Kichekesho cha Koome wangekisikia Jumapili mbili, tatu, wakakichoka na kukisahau, kama walivyosahau vichekesho vyote vya wachekeshaji wa harusi. Lakini sasa nilikuwa nimekifanya kitu cha nadra. Kule Embu, marafiki wa Koome walikuwa wakichezea rimoti siku moja, mara ikatoka, na walipotaka kuirudia ikakataa. Wakabonyeza hadi giza likaingia. Kesho yake wakarudi. Ikapata jina, wakaiita "ile ya ng'ombe", na majirani wakawa wanaenda kwa Kaari baada ya kanisa kuitafuta, wanawekeana zamu, na anayeipata anapigiwa makofi. Habari hii nilipewa na Koome mwenyewe. Alinipigia simu kunipongeza. Alisema hajaona video kama hiyo hata Nairobi, na kwamba wenzake watatu wa ofisini wanataka niwapigie harusi zao.

Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameniambia nimefanya kazi nzuri, na sikujali ni kwa sababu gani. Kule Kiirua namba kumi na saba ilikuwa haijatoka. Mama hakuwa mtu wa rimoti, na Karwirwa alijua yeye ni yule anayetabasamu.

Disemba ikafika. Mama akaniita nije nipige video ya wageni, kwa sababu nyumba hiyo sasa haikuweza kupokea mtu bila kamera. Nilipofika Karwirwa alikuwa kwenye ile blauzi, anakuna nazi ya wali. Kaari alikuwa ametoka Embu kumsaidia, na ndiye aliyekuwa akimtania, akimwita bibi mwalimu. Karwirwa alikuwa akimwambia anyamaze, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka aendelee.

Wageni walikuwa wawili. Mwalimu Mutembei alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, suti ya kahawia, kalamu mbili mfukoni. Mjomba wake, mzee Mbaabu, ndiye aliyebeba kifungu cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kwa Wameru kifungu hicho ndicho barua ya posa. Kikipokelewa na kufunguliwa, maneno yameanza. Kisipopokelewa, watu walikuja kusalimia tu. Mzee alikiweka sakafuni karibu na kiti chake, akaletewa maji ya kunawa, akasema kwanza tule, mambo mengine yana wakati wake. Mama alikitazama kile kifungu mara nyingi kuliko alivyomtazama mwalimu.

Baada ya albamu, kama Karwirwa alivyotabiri, mama alisema wageni wawekewe harusi ya Kaari. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kamera begani. Nikajikumbusha hesabu yangu. Mara moja katika thelathini.

Kaari alimpa mwalimu rimoti kwa heshima, kwa mikono miwili, na kumweleza mchezo. Mwalimu alivaa miwani. Akasogeza alama ya njano huku na huku kama anayesahihisha mtihani, akabonyeza leso ya nne. Ikatoka Karwirwa. Ikatoka ile yangu ya Alhamisi, Karwirwa anaangalia mbele taratibu na kutabasamu. Karwirwa wa kweli alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

Mwalimu akageuka, akamwangalia, akarudi kuangalia kioo. "Mimi nishashinda," alisema. "Sihitaji kuendelea."

Mama akapiga kigelegele. Mzee Mbaabu akacheka kwa furaha na kuinama kukishika kile kifungu, nafikiri alitaka kukikabidhi pale pale. Mimi nilimsogelea Karwirwa na kamera, na nikupe ushahidi wangu wa kitaalamu: sijawahi kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile. Mambo yalikuwa yamekwisha. Ilibaki mtu azime televisheni.

Kaari ndiye aliyesema. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linalonikera hadi leo, maana ningependa kuwe na mtu mwingine mbaya. Alisema tu, akimimina chai: "Hiyo si yenyewe, mwalimu. Kuna ile ya ukweli, ile ya ng'ombe. Huwa inatoka mara moja moja. Kwetu tumeipata mara sita tu."

Mzee Mbaabu akakiacha kifungu. Akauliza ya ng'ombe ni ipi. Kaari akasema hawezi kumwambia, ni mpaka aione. Mzee akampokonya mwalimu rimoti kwa utani na kuanza kubonyeza. Ikatoka msichana wa kwanza. Akabonyeza tena, akampata Kaari, vigelegele vikapigwa, kanisa likafunguka, na Kaari akamwonyesha namna ya kurudi nyuma. Akabonyeza tena.

Nilimwona Karwirwa akielewa. Haikumchukua muda. Alinigeukia, na mimi nikaweka jicho kwenye kamera, mahali ambapo mpiga video akiweka jicho lake hakuna anayeweza kumuuliza kitu. Ningeweza kusema diski ina mkwaruzo. Ningeweza kukanyaga waya wa umeme, ulikuwa unapita chini ya kiatu changu, nilikuwa nausikia kwa soli. Sikuukanyaga. Niliomba isitoke, hilo ni kweli, niliomba kwa dhati. Na papo hapo nilikuwa nahesabu mibonyezo, kwa sababu nilitaka kujua.

Karwirwa alisema chai itapoa. Mama akamwambia aache wageni wafurahi.

Katika mbonyezo wa ishirini na mbili ikatoka. Viatu vyeupe, mkono wa kweli wa Koome, leso inainuka. Huyu hata mkiniongezea na ng'ombe juu. Kisha uso wa Karwirwa, sekunde mbili, mkubwa kama televisheni yenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeukaribia ili upendeze. Kisha kicheko cha watu wote.

Mzee Mbaabu alicheka mpaka akapaliwa. Mama alicheka. Mwalimu Mutembei naye alicheka. Sikumlaumu, kicheko hicho hakimwombi mtu ruhusa, kinatoka kwanza na mtu anafuata nyuma. Kama angeishia hapo pengine angejikohoza, akasema Koome ana utoto, na siku ikaendelea. Lakini alifuta macho chini ya miwani na kusema, "Rudisha kidogo, sijasikia mwisho vizuri." Kaari akamwambia hii hairudi, mwalimu, ukiitaka ni uitafute. Mwalimu akachukua rimoti kutoka kwa mjomba wake, akasogea ukingoni mwa kiti, akaanza kuitafuta.

Alibonyeza mara sita. Mara ya tano ilitoka Karwirwa akitabasamu, ile aliyoiita ushindi nusu saa iliyopita, naye akaipita haraka.

Karwirwa aliweka chupa ya chai mezani. Akatembea hadi mbele ya televisheni, akasimama kati yake na mwalimu, mikono imeshikana tumboni.

"Mwalimu, usijisumbue na hiyo rimoti," alisema. "Huyo unatafuta ni mimi. Niko hapa."

Alisema kwa upole kabisa. Mwalimu aliishusha rimoti gotini. Akamwangalia mjomba wake. Mzee Mbaabu alikuwa ameacha kucheka, na usoni alikuwa na ule ukali wa mzee ambaye amekutwa akifanya jambo la kitoto. Akasema, akimwambia mama na si Karwirwa, kwamba kwao Kianjai mwanamke hasimami mbele ya wageni. Mama akaomba radhi. Akamwambia Karwirwa aombe radhi. Karwirwa akasema amekuja kuwapa chai, akainua chupa, na akawamiminia wote, hata mimi, bila kumwaga tone.

Walikunywa. Wakaomba Mungu. Mwalimu alimpa Karwirwa mkono mlangoni na kusema watapigiana simu. Mzee alitangulia kutoka, na kifungu cha miraa kilikuwa kwapani mwake kama kilivyokuja. Mama alisimama uani akikitazama kikienda hadi barabarani. Aliporudi ndani hakumwangalia Kaari wala mimi. Alimwambia Karwirwa kwamba alingojea siku hiyo miaka kumi na tano, na kwamba mtu anayeshindwa kuvumilia mchezo mdogo wa video atavumilia ndoa namna gani. Karwirwa alikuwa anakusanya vikombe. Nikafunga vifaa vyangu na hakuna aliyenipa mkono wa kubeba betri.

Mwalimu hakupiga simu. Oda ya sweta za muhula wa kwanza aliipeleka kwa mtu mwingine wa Kianjai. Haya aliniambia Karwirwa mwenyewe alipokuja studio katikati ya Januari, amekaa kwenye kiti kile kile, mkoba juu ya magoti kama mara ya kwanza. Alitoa diski kutoka kwenye karatasi ya gazeti na kuiweka mezani. Sauti yake haikuwa na ugomvi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, nilikuwa nimepanga hata maneno ya kujibu, na sasa sikuwa na pa kuyatumia.

"Nataka kuuliza kitu kimoja, halafu nitaenda," alisema. "Wewe ndio uliacha hiyo kitu ndani, ama ni mashine ilikataa kuitoa?"

Aliniangalia. Nikaona, na hili naliona hata sasa nikifumba macho, kwamba jibu alilotaka alikuwa amelichagua tayari njiani. Alikuwa amepoteza mwalimu, na mama yake alikuwa hamsemeshi, na alitaka angalau kuwe na mtu mmoja ambaye hakumcheka. Bucha la jirani lilikuwa linakata mfupa, na nilingoja shoka linyamaze.

"Ni mashine," nikasema. "Hizi vitu za kompyuta, ukifuta, zingine zinabaki ndani."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akashusha pumzi. Akasema hata yeye alijiambia hivyo, kwamba Gichovi asingeweza. Alinishukuru kwa kujaribu, akanipa pole kwa kazi yangu kuharibiwa na mashine, na akasimama kwenda.

Nikamwambia asijali.